Profesa Friedrich von Esmarch (1823–1908): Tabibu Aliyewafundisha Watu wa Kawaida Kuwa Wasamaria

Kila mtu aliyepata kufundishwa huduma ya kwanza, awe skauti, dereva, mwalimu wa shule au mzee wa kanisa anayepangiwa zamu siku za mikutano mikubwa, amekutana na kitambaa cha pembetatu. Kitambaa hicho hutundika mkono uliovunjika, hufunga kichwa kilichopasuka, na hushikilia vijiti vya kunyoosha mguu. Wengi wamekitumia bila kumjua mtu aliyekitia mikononi mwa askari, polisi, mabaharia na mafundi, na ambaye alitumia sehemu ya mwisho ya maisha yake kuwashawishi madaktari wenzake kwamba ujuzi wa kuokoa uhai haupaswi kufungiwa hospitalini. Mtu huyo ni Marehemu Profesa Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa mji wa Kiel.

Kuzaliwa na Elimu

Friedrich Esmarch alizaliwa tarehe 9 Januari 1823 huko Tönning, bandari ndogo iliyo mdomoni mwa mto Eider, katika pwani ya magharibi ya nchi ya Schleswig. Wakati huo Schleswig na Holstein zilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, ingawa wakazi wengi, hasa wa upande wa kusini, walisema Kijerumani. Leo sehemu kubwa ya nchi hizo ni jimbo moja la Ujerumani. Ni nchi iliyopokea Matengenezo ya Kanisa tangu karne ya 16, na Kanisa lake la Kilutheri ni mojawapo ya makanisa rafiki ya KKKT.

Baba yake alikuwa tabibu, na kazi hiyo iliihamishia familia Rendsburg na baadaye Flensburg, ambako kijana Friedrich alisoma. Alipofikia umri wa kuchagua kazi aliifuata njia ya baba yake, akasomea udaktari katika vyuo vikuu vya Kiel na Göttingen. Mwaka 1846 alipata kuwa msaidizi wa Profesa Bernhard Langenbeck huko Kiel, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa Ulaya katika karne ile.

Ni vema kukumbuka hali ya upasuaji wakati kijana huyu alipoingia kazini. Nusukaputi ya etha ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza huko Boston, Marekani, mnamo Oktoba 1846. Kabla ya hapo mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu huku akikatwa akiwa macho, na sifa kuu ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono. Habari za vijidudu vinavyoozesha vidonda zilikuwa bado hazijajulikana. Joseph Lister alizitangaza mbinu zake za kuua vijidudu mwaka 1867. Kwa hiyo aliyenusurika kisu aliweza kufa kwa usaha baada ya siku chache.

Vita na Kifungo

Mwaka 1848, mwaka uleule Esmarch alipopata shahada yake ya udaktari, watu wa Schleswig-Holstein waliokuwa wa upande wa Kijerumani waliasi dhidi ya Denmark. Esmarch, akiwa na umri wa miaka 25, alijiunga na vijana wa Kiel waliokwenda vitani. Tarehe 9 Aprili 1848 jeshi hilo changa lilishindwa huko Bov, karibu na Flensburg, naye akatekwa. Alipelekwa Copenhagen, akazuiliwa pamoja na wenzake ndani ya meli iliyogeuzwa kuwa gereza, hadi mateka walipobadilishwa.

Alipoachiliwa alirudi katika utumishi wa majeruhi chini ya Louis Stromeyer, mganga mkuu wa jeshi la Schleswig-Holstein. Hapo ndipo alipojifunza somo lililomwongoza maisha yake yote. Desturi ya wapasuaji wa vita ilikuwa kukata mkono wote pale risasi ilipovunja kiwiko au bega. Langenbeck na Stromeyer walishika njia nyingine: kuondoa ncha za mifupa zilizosagika tu, na kuuacha mkono uliosalia upone. Kiungo kiliweza kubaki kigumu au kifupi kidogo, lakini mtu alibaki na kiganja na vidole vyake. Kwa mkulima au mvuvi tofauti hiyo ilikuwa ni tofauti kati ya kulisha watoto wake na kuomba njiani. Mwaka 1851 Esmarch alitoa kitabu kuhusu upasuaji huo, akieleza yale yaliyoonekana katika vita hivyo.

Ndoa na Familia

Mwaka 1854 Stromeyer aliondoka Kiel, na Esmarch akashika nafasi yake kama mkuu wa kliniki ya upasuaji ya chuo kikuu, akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka huohuo alimwoa Anna, binti wa Stromeyer, hivyo mwalimu wake akawa pia baba mkwe wake. Miongoni mwa watoto wao alikuwa Erwin, aliyezaliwa mwaka 1855. Naye alifuata udaktari, akawa mwanafunzi wa Robert Koch, na hatimaye profesa wa elimu ya usafi na afya ya jamii. Hivyo katika nyumba moja babu alitibu vidonda, mwana akatibu vidonda, na mjukuu akatafuta vijidudu vinavyoharibu vidonda.

Anna alifariki mwaka 1870, mwaka uleule vita kati ya Ujerumani na Ufaransa vilipoanza. Esmarch aliitumikia kazi ya majeruhi wa vita hivyo akiwa mjane.

Mwaka 1872 alioa mara ya pili. Mke wake alikuwa Henriette, binti wa kifalme wa jamaa ya watawala wa Augustenburg. Haikuwa kawaida kwa binti wa nyumba ya namna hiyo kuolewa na daktari, mtoto wa tabibu wa mji mdogo. Ndoa hiyo ilidumu miaka 36, hadi kifo kilipowatenganisha, na walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1874. Kwa ndoa hiyo Esmarch aliingia katika ukoo wenye nguvu kubwa. Henriette alikuwa shangazi wa Auguste Viktoria, ambaye baadaye alikuwa mke wa Kaisari Wilhelm wa Pili, na ambaye jina lake limebaki katika hospitali ya Shirikisho la Kilutheri Duniani juu ya Mlima wa Mizeituni, upande wa Yerusalemu unaoelekea Yeriko. Kaka yake Henriette alikuwa amemwoa Helena, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Undugu huo, kama itakavyoonekana, ulikuja kusaidia jambo kubwa kuliko heshima za ikulu.

Kazi yake ya Upasuaji

Huko Kiel Esmarch alikuwa mwalimu mwenye mambo yake. Mwaka 1860 aliandika juu ya matumizi ya baridi katika tiba ya majeraha, akahimiza sana mfuko wa barafu kwa uvimbe na maumivu, hata watu wa Kiel wakamtania kwa jina la mfuko huo. Utani haukumzuia. Barafu inaendelea kuwekwa juu ya kifundo cha mguu kilichoteguka katika kila uwanja wa mpira.

Vita vilimwita tena na tena. Mwaka 1864 alitumika katika hospitali za vita kati ya Denmark na majeshi ya Prussia na Austria. Mwaka 1866 aliitwa Berlin kusimamia matibabu ya upasuaji katika hospitali za majeruhi. Mwaka 1870 na 1871 alikuwa mshauri wa wapasuaji wa jeshi. Katika miaka hiyo yote aliona jambo lilelile: hospitali ziliboreshwa, wapasuaji waliongezeka ujuzi, lakini majeruhi wengi waliharibikiwa kabla ya kufika kwa daktari yeyote. Walitokwa na damu ambayo kidole kilichobonyezwa mahali pake kingeizuia. Wengine walibebwa na wenzao kwa namna iliyofanya mfupa uliovunjika utoboe nyama na ngozi, na jeraha dogo likawa la kufisha.

Jibu lake la kwanza lilikuwa kitambaa. Mwaka 1869 alitoa maandishi kuhusu bandeji ya kwanza katika uwanja wa vita, akapendekeza kwamba kila askari abebe mwenyewe vifaa vya kufungia jeraha. Kitambaa cha pembetatu hakikuwa uvumbuzi wake. Daktari Mathias Mayor wa Lausanne, Uswisi, alikuwa amekipendekeza miaka mingi kabla. Mchango wa Esmarch ulikuwa kukichapa kitambaa chenyewe kwa picha za askari waliofungwa kwa namna mbalimbali: kichwani, begani, mkononi, gotini, mguuni. Hata asiyejua kusoma, hata aliyechanganyikiwa kwa hofu, aliweza kukikunjua, akatazama picha inayofanana na jeraha lililo mbele yake, kisha akafanya vivyo hivyo. Kitambaa kilikuwa kitabu na dawa kwa pamoja.

Jibu lake la pili lilimpa umaarufu duniani. Mwaka 1873 alitangaza njia ya kufanya upasuaji wa mkono au mguu bila kumwaga damu nyingi. Ukanda wa mpira ulizungushwa kwa nguvu kuanzia vidoleni kupanda juu, ukiisukuma damu irudi mwilini. Kisha mpira mwingine ulifungwa kwa nguvu juu ya mahali pa upasuaji, na ule ukanda wa kwanza ukafunguliwa. Kiungo kilibaki cheupe, na mpasuaji aliona wazi kila mshipa na kila neva, mahali ambapo zamani alifanya kazi ndani ya dimbwi la damu. Mgonjwa aliyekuwa tayari dhaifu alibakiziwa damu yake. Ni kweli kwamba kufunga huko kuna hatari: mpira ukiachwa muda mrefu au ukikazwa kupita kiasi, neva na nyama hudhurika. Kwa sababu hiyo madaktari wa baadaye waliongeza mkanda wa kujazwa hewa unaopimwa mgandamizo wake. Hata hivyo ukanda wenye jina la Esmarch ungali unatumika katika vyumba vya upasuaji wa mifupa. Esmarch alifika mbali zaidi, akabuni mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali iliyotengenezwa kwa mpira, ili mtu yeyote aivue papo hapo na kuifunga juu ya jeraha linalotoa damu.

Esmarch alifundisha pia kwamba mgonjwa aliyepoteza fahamu huweza kufa kwa sababu ulimi wake umerudi nyuma na kuziba koo, na kwamba kusukuma taya la chini mbele kunaweza kuifungua njia ya hewa. Jacob Heiberg wa Norway alieleza jambo hilohilo katika miaka ileile. Wauguzi na madaktari wa leo hujifunza kitendo hicho mapema kabisa.

Shule ya Wasamaria

Mnamo mwaka 1881 Esmarch alihudhuria mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini London. Huko aliona kazi ya chama cha Mtakatifu Yohane, kilichoanzishwa mwaka 1877, ambacho kiliwafundisha polisi, wafanyakazi wa reli na wachimba migodi namna ya kumsaidia mtu aliyepatwa na ajali. Alirudi Kiel akiwa na umri wa miaka 58, mwenye cheo, kitabu chake cha upasuaji wa vita kilichotoka mwaka 1877 kikiwa kimepata tuzo ya mke wa Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Angeweza kutulia katika heshima yake. Badala yake alianza shule.

Mwaka 1882 alifungua huko Kiel mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu wasio madaktari, akaunda chama cha kuyaeneza Ujerumani nzima. Mafunzo yenyewe yalikuwa mihadhara mitano tu. Ilieleza kwa ufupi jinsi mwili ulivyojengwa na unavyofanya kazi, namna ya kuzuia damu, kufunga jeraha, kutuliza mfupa uliovunjika, kumsaidia aliyezama, aliyeungua au aliyezimia, na namna ya kumbeba majeruhi. Mihadhara hiyo ilichapwa kuwa kitabu kidogo mwaka huohuo. Hapo ndipo undugu wa mke wake ulipofaa: Helena, wifi yake Henriette, alikitafsiri kwa Kiingereza, na kitabu kikaendelea kutafsiriwa katika lugha nyingi nyingine.

Jina alilolichagua lilikuwa shule ya Wasamaria. Msamaria wa mfano ulio katika Injili ya Luka, sura ya 10, hakuwa tabibu. Alikuwa msafiri aliyekuwa na haraka zake, wa kabila lililodharauliwa, na alichokuwa nacho kilikuwa mafuta, divai, vitambaa na mnyama wa kupanda. Aliyafunga majeraha, akamwinua mtu yule, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akamkabidhi kwa mwingine na kulipa gharama. Hatua hizo zinalingana na kazi ya mtoa huduma ya kwanza hadi leo: kuzuia madhara, kusafirisha kwa uangalifu, kukabidhi kwa wenye ujuzi.

Upinzani haukuchelewa, nao ulitoka kwa madaktari wenzake. Wengi walihofu kwamba mafunzo hayo yangezaa waganga wa uongo: fundi seremala aliyesikia mihadhara mitano angejiona daktari, wagonjwa wangechelewa kufika hospitali, na heshima pamoja na riziki ya taaluma vingeshuka. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa maana matapeli wa tiba walikuwako wengi. Esmarch aliijibu kwa kuweka mpaka ulio wazi. Kazi ya Msamaria huishia pale ya daktari inapoanzia. Kitabu chake kilifundisha yale ya kufanya, na kwa mkazo uleule yale ya kutofanya: jeraha lisiguswe kwa mikono michafu, mfupa uliovunjika usivutwevutwe, majeruhi asiinuliwe na watu wasioelewana. Mtu aliyefundishwa mipaka yake, alishikilia Esmarch, ana madhara machache kuliko umati usiofundishwa chochote, ambao hauwezi kusimama bila kugusa pale mtu anapokufa mbele yake.

Muda ulimpa haki. Polisi, wazima moto na mabaharia walijifunza. Mwaka 1888 maseremala sita mjini Berlin, wakichoshwa na kuona wenzao wakiumia na kufa kazini, waliandaa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi. Kutokana na mwanzo huo mdogo ulitokea umoja wa Wasamaria wa wafanyakazi, ambao hadi leo unaendesha magari ya wagonjwa na huduma za uokoaji nchini Ujerumani, ukibeba jina lilelile la Msamaria.

Kustaafu na Kufariki

Mwaka 1887 Esmarch alipewa hadhi ya kiungwana, na tangu hapo akaitwa von Esmarch. Aliendelea kufundisha hadi alipostaafu mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 76, baada ya kuiongoza kliniki ya Kiel kwa miaka 45. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu kwake, msaidizi wake August Bier alikuwa amefanya katika kliniki hiyo upasuaji wa kwanza kwa nusukaputi ya uti wa mgongo, njia inayowasaidia leo akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji. Miaka ya kustaafu aliitumia Kiel pamoja na Henriette.

Alifariki huko Kiel tarehe 23 Februari 1908, akiwa na umri wa miaka 85. Henriette aliishi miaka tisa zaidi, hadi mwaka 1917. Erwin alikuwa amefariki mwaka 1915. Katika mji wa Tönning, alikozaliwa, ipo sanamu yake.

Urithi Aliouacha

Si kila alichofundisha kimebaki. Njia za wakati wake za kumrudishia pumzi mtu aliyezama, kwa kuinua na kushusha mikono yake, ziliachwa miaka ya kuzunguka 1960, zilipothibitika njia za kupuliza hewa mdomoni na kukandamiza kifua. Kufunga kiungo kwa nguvu hufanywa leo kwa tahadhari zaidi, na saa ya kufunga huandikwa. Esmarch mwenyewe, aliyebadilisha desturi alizozikuta, asingeshangaa kuona zake zikibadilishwa.

Kilichobaki ni ule msingi. Dakika za kwanza baada ya ajali hazimsubiri daktari. Ni za yule aliye karibu: kondakta wa basi, kijana wa bodaboda, mama wa genge la kando ya barabara, mwanakwaya anayerudi kutoka mazoezini. Katika nchi ambako majeruhi wengi hufikishwa hospitali na wapita njia, uhai wa mtu huweza kutegemea kama mmoja wa wapita njia hao aliwahi kukaa saa chache akifundishwa. Kwa sababu hiyo sanduku la huduma ya kwanza katika ofisi ya usharika na mafunzo yanayotolewa kwa vijana na idara za Diakonia ni sehemu ya huduma yenyewe, kama ilivyokuwa kitanda katika nyumba ya wageni ya njia ya Yeriko.

Esmarch aliishi kati ya wafalme na maprofesa, akapata kila heshima ambayo zama zake ziliweza kumpa daktari. Kazi yake iliyodumu kuliko zote imo katika kitambaa cha bei ndogo, kilichokunjwa na kuwekwa mahali ambapo mkono wowote unaweza kukifikia.